Rula Kwenye Meza ya Kukatia

Chumba cha mbele cha Mama Mkasi kilikuwa na cherehani, pasi na meza ndefu ya kukatia. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa mkasi wake haukukosea. Siku hizi mkasi ameushika binti yake. Mama ana mtoto wa jicho, na mstari wa chaki hauoni tena.

Alimfundisha kama alivyofundishwa yeye. Binti akishaweka mkasi kwenye kitambaa, mama huipiga meza kwa rula ya mbao, paa! Kisha humuuliza, "Mkono upi?" Eti akili ichangamke. Lakini akili ya binti ilikuwa ikipotea. Juzi alisahau kuigeuza karatasi ya kipimo, akakata mikono miwili ya koti, yote ya kushoto. Mama alimwita kichwa maji. Moyoni aliogopa sana. Binti huyu akishindwa, kazi ya nyumba hii imekwisha.

Asubuhi moja akaingia jirani yao, muuguzi wa zahanati, amekumbatia kitambaa cha kijivu. Marehemu mumewe alikinunua kabla hajaugua. Alitaka kijana wao ashonewe koti. Madukani kitambaa hicho hakipo tena.

Mama hakumficha. Alimshauri aende kwa fundi mwingine. Ili aamini, akampa binti gazeti kuukuu alikate. Binti alichora mkono wa koti, akashika mkasi. Rula ikalia.

"Mkono upi?"

Binti akaduwaa. Mkono huo alikuwa ameuchora mwenyewe sasa hivi.

"Umeona?" mama akasema.

"Nimeona, dada. Ila huo si uzembe. Ni hofu."

Muuguzi akavuta stuli. Akaeleza kuwa mtu akishtuka, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni kwenye damu, na damu huzifikisha kwenye ubongo.

"Kalsiamu unaijua?" akamuuliza mama.

"Ile ya kwenye maziwa. Ya mifupa."

"Hiyo hiyo. Hata seli za ubongo zinaitumia. Kila seli ina vilango vidogo sana. Kalsiamu ikipenya, seli inapata ishara ya kupeleka habari, au ya kuweka kumbukumbu. Homoni za hofu zikifika, zinazibadilisha ishara hizo. Pengine ishara zinazidi, pengine zinapungua. Wataalamu bado wanachunguza. Lakini homoni hizo hazingoji kesho. Ni dakika chache tu."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nimemharibu mwanangu?"

"Hapana. Hofu ya mara moja inapita, tena ina faida. Gari likija kwa kasi, ndiyo inayokurusha pembeni. Ubaya ni kumtia hofu kila siku hapa mezani. Atakumbuka kelele, mkono wa koti atausahau. Mwache atulie kwanza. Akikosea, mwelekeze taratibu."

Mama akamkumbuka fundi aliyemfundisha. Mlio wa rula yake aliukumbuka vizuri. Nguo ya kwanza aliyoikata hakuikumbuka hata kidogo.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Muuguzi akakiweka kitambaa cha kijivu mbele ya binti. Mama akaificha rula nyuma ya cherehani. Mikono ikamwasha, akaikalia.

Binti akavuta pumzi, akaishusha polepole. Akapiga chaki. Hakuna aliyemuuliza neno.

"Huu wa kulia, mama," akasema mwenyewe, akakata. Kisha akaigeuza karatasi ya kipimo. "Na huu wa kushoto."

Koti lilipokwisha, kijana alikuja kulijaribu. Mama hakuweza kuliona vizuri, kwa hiyo alilipapasa. Vidole vyake vilifuata mshono wa bega la kulia, vikahamia la kushoto. Muuguzi aligeukia ukutani, akafuta machozi.

"Limemkaa," mama alisema. Akaitoa rula nyuma ya cherehani, akamkabidhi binti yake. "Shika. Ya kupimia."