Simama Hapo Hapo

Picha ya kwanza ya mchana huo Koplo Theonest aliicheka. Barabara tupu, kibao cha hamsini kushoto, majani makavu ya kiangazi, na chini yake mwendo umeandikwa kama kawaida: mia moja na arobaini. Gari hakuna. Hata ng'ombe wa kusingiziwa hakuna.

Kazi yao ilikuwa ya watu wawili, na madereva wa njia ya Segese waliijua na kuilaani. Zipora, askari mwenzake, alijibanza nyuma ya kichuguu na tochi, ile mashine inayopiga picha gari na kuonyesha mwendo wake. Akimnasa mtu, anamrushia Theonest picha kwenye simu. Theonest, aliyekaa mbele kwenye kona, anatoka kivulini taratibu, mkono juu, na tabasamu la mtu anayekukaribisha chai. "Simama hapo hapo. Leseni." Leseni anaitia mfukoni kwanza, ndipo mazungumzo yanaanza. Wakimalizana anairudisha na kukupungia: "Haya, nenda. Tutaonana." Hilo neno la mwisho liliwakera madereva kuliko yote, naye alilisema makusudi, miaka nenda rudi, mpaka likawa linatoka lenyewe.

Alimpigia Zipora kumuuliza kama siku hizi anapima upepo. Zipora hakucheka. Alisema amesikia kitu kizito kinapita, kama lori la mchanga, na vumbi limeinuka, lakini macho yake hayakuona kitu. Na pale kichuguuni palikuwa na harufu ya udi. Udi, mchana kweupe, porini.

Theonest alikuwa mtu wa mizaha. Vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha kwenye kona wakisubiri abiria, akaona asiwanyime kicheko. Akatoka hadi katikati ya barabara tupu, akakunja uso, akainua mkono.

"Simama hapo hapo. Leseni."

Vijana walicheka. Kisha vumbi lililokuwa likija na upepo likakatika mbele ya viatu vyake, likabaki limesimama wima, haliendi wala halianguki. Harufu ya udi ilimjaa puani mpaka akakohoa, na joto likampiga kifuani kama la injini iliyotoka safari ndefu. Mmoja wa vijana aliwasha pikipiki akaondoka bila abiria. Theonest alirudi kivulini akijifanya anapokea simu, na hakugeuka nyuma.

Jioni alimkuta binti yake Loveness, mtoto wa chekechea asiyejua kutulia, amesimama mlangoni, mikono imebana mapaja, macho uwanjani. Alisema "shikamoo baba" bila kugeuza shingo. Lukresia, mama yake, alieleza kwamba amesimama hivyo tangu mchana. Amemwita kula, hakwenda. Amejaribu kumkalisha, magoti hayakukunjika.

"Kaa chini, mama," Theonest alimwambia mwanawe.

"Siwezi. Nimeambiwa nisimame hapa hapa."

"Na nani?"

Loveness alionyesha kwa kidevu. Uwanjani hapakuwa na mtu. "Mgeni wako, baba. Na yeye amesimama."

Hapo Theonest aliogopa, na kuanzia hapo hofu haikumtoka. Walimlaza mtoto kitandani, akabaki mgumu kama mchi, akapiga kelele mpaka wakamsimamisha tena. Alisinzia akiwa wima mlangoni, mama yake amemkumbatia kiuno. Hospitali walimpima wasione ugonjwa. Katekista Gelasius alikuja akasali, jasho likamtoka, akaondoka bila kuaga. Na nyumba yenyewe ilianza kubadilika, kwa sababu kuku waliokatiza uwanjani walifika mahali fulani, wakapinda, wakazunguka kitu ambacho hakuna aliyekiona, na kutoka mahali hapo kulisikika mngurumo wa chini kabisa, wa kitu kilichowashwa na kuachwa kikisubiri, na udi ukaingia kwenye unga, kwenye shuka, kwenye nywele za mtoto, huku miguu ya mtoto ikivimba na kung'aa, na yeye halii tena, anasubiri tu, kama wanavyosubiri madereva walionyang'anywa leseni. Lukresia alimwambia mumewe kwamba miguu ile haitafika Jumapili.

Theonest alikwenda Didia kwa mganga aitwaye Mama Maduhu. Alimkuta anapepeta mpunga.

"Mwadila, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma.

Mama huyo aliitika, akaitazama sare yake, akaendelea kupepeta. Alitaka kwanza kujua kama ni yeye aliyemkamata Maduhu wake na pikipiki. Theonest alisema anaweza kuwa ndiye. Akaeleza yote, mpaka akafika kwenye miguu ya mtoto. Hapo ungo ukatulia.

"Ukimsimamisha dereva, leseni yake inakaa wapi?"

"Mfukoni mwangu, mama. Mpaka tumalizane."

"Basi na yeye kashika ya kwako." Alishusha sauti, akatazama nyuma ya Theonest. "Huyo anapita pale mchana tangu barabara haina lami, na hana shida na mtu. Wewe ukamwambia asimame, ukamwacha. Vaa hivyo hivyo, nenda pale pale, atakufuata. Mruhusu. Neno moja tu: nenda. Usiongeze lingine."

"Nikiongeza?"

"Utakachoongeza atakishika."

Kesho yake, jua likiwa utosini, Theonest alitoka nyumbani kwa miguu. Alipompita mwanawe mlangoni hakuthubutu kumtazama. Mngurumo ulitoka uwanjani ukaanza kumfuata polepole, na kila alipopunguza hatua nao ulipungua, na kila alipoharakisha joto lilimkaribia mgongoni mpaka shati likamganda, na watu wa dukani waliokuwa wakimsalimia siku zote walisimama na salamu mdomoni, wakiliangalia vumbi lililokuwa likitembea nyuma ya trafiki bila upepo wowote, mpaka akafika kwenye kona, ambako Zipora alikuwa amesimama kando ya lami, rozari mkononi.

Theonest aligeuka. Mbele yake palikuwa na vumbi tu, wima, refu kumzidi. Aliinua mkono ule ule.

"Nenda," alisema.

Kilipita. Kofia iliruka ikatua mtaroni, mibuyu midogo ya kando ya njia ikainama, na mngurumo ukaenda, ukaenda, mpaka ukawa sauti ya nyuki, mpaka ukaisha. Tetere wakaanza tena kulia. Theonest alihisi kifua kimefunguka, machozi yakamtoka hadharani, akacheka, na mkono wake ukapunga wenyewe kama ulivyozoea.

"Tutaonana."

Zipora aliziba mdomo kwa kiganja. Theonest mwenyewe hata hakujisikia akilisema. Alikuwa ameshaanza kukimbia kwenda nyumbani.

Loveness alikuwa amekaa. Amekaa kwenye mapaja ya mama yake, miguu imenyooshwa juu ya mkeka, anakunywa uji. Lukresia alikuwa analia na kumbusu utosini. Theonest alipiga magoti, akaishika ile miguu iliyovimba, akaiweka shavuni. Harufu ya udi ilikuwa imetoka ndani.

"Baba," Loveness alisema, "mgeni wako amepita kuaga."

"Ameshakwenda, mama. Harudi."

"Amesema amekubali."

Theonest aliinua uso. "Amekubali nini?"

Mtoto alilamba kijiko kwanza.

"Kuonana. Ila amesema siku hiyo atakayesimamisha ni yeye."