Fujo ya Mwenye Eda

Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, kabati la mikate lilikutwa limelala chali mbele ya duka la Hamed, Bagamoyo mjini, vioo vyote chini. Walioona walisema mwanamke mwenye nikabu alilisukuma, akapiga ukelele mmoja usio na neno, kisha akaingia nyumba ya jirani, ya mjane Bi Miza. Baibui lake lilikuwa na tarizi ya kijani mikononi. Mtaa mzima ulilijua baibui hilo kuwa la Bi Miza.

Polisi walimfungulia Bi Miza shtaka la kufanya fujo hadharani, wakampa dhamana kwa sharti kwamba asitoke wilayani bila ruhusa.

Wakili Wahida alifika Jumatatu. Bi Miza alikuwa katika siku ya themanini na mbili ya eda, na tangu mumewe azikwe hakuwa amevuka mlango mpaka polisi walipomchukua. Watu wa matanga walikuwa wamekwisha kutawanyika zamani. Aliushika mkono wa Wahida muda mrefu kuliko salamu ilivyohitaji, na Wahida, ambaye naye huishi peke yake, hakuuvuta.

Mama huyo alikuwa na jambo moja tu: eda iishe, aende Tanga akaishi na bintiye. Akitiwa hatiani, mtaa utasema alivunja eda ya mumewe ili kumwaga mikate. Wahida alimweleza kwamba si kazi yake kuthibitisha kuwa hakufanya. Upande wa mashtaka ndio uthibitishe kuwa ni yeye, na baibui si uso.

Shaka ya kwanza ya Wahida ilikuwa kwa Hamed mwenyewe, maana alikwisha kuomba mara mbili kuuziwa nyumba ya Bi Miza. Alimkuta dukani saa sita, akamhoji bila haraka. Hamed alikiri kuitaka nyumba, lakini si kwa kuvunja kabati lake. Kisha akaongeza, kwa kujiamini kabisa:

"Alinipita karibu, wakili. Hata ningefumba macho ningemjua. Alinukia udi mpaka ndani ya duka."

Wahida aliacha kuandika. Hamed alikuwa ametoa ushahidi wa kumwokoa mshtakiwa, na wala hakujua. Mjane aliye edani hajitii manukato, wala hafukizi nguo zake. Lakini nyumbani mle alikuwamo pia dada wa marehemu, naye hazuiliwi, maana msiba wake ni siku tatu tu.

Dada huyo, Maram, aliishi chumba cha nyuma, na ndiye aliyefua nguo za wifi yake. Aliwaambia polisi kwamba Jumamosi alikuwa Kerege kwenye arobaini ya msiba mwingine. Wahida alipiga simu Kerege, akajibiwa kwamba arobaini ilisomwa Jumapili.

Saa kumi alasiri aliwakalisha mawifi wawili chumbani, akasema yote. Maram hakubisha.

"Ulilifua baibui, ukalifukiza," Wahida alisema.

"Mazoea. Sijawahi kuvaa nguo isiyofukizwa."

"Na kwa nini umponze wifi yako?"

Maram aliangalia mikono yake. "Mwenye kesi hasafiri. Nyumba hii ina vyumba sita. Akienda Tanga, nitazungumza na nani?"

Bi Miza alilia, kwa hasira na kwa huruma pamoja, na ilimuuma zaidi kwamba alimwelewa. Siku themanini na mbili walikuwa wamelia kila mmoja chumbani kwake.

Jioni ile Maram alijisalimisha. Shtaka la Bi Miza lilifutwa, likaandikwa kwa jina la Maram, na polisi wakauliza nani atamdhamini. Hakuna ndugu aliyepokea simu.

Asubuhi ya pili Bi Miza aliomba ruhusa kwa shehe wa mtaa, akavaa nguo isiyo na pambo, akaenda kituoni kutia saini. Maram alitoka akamshika mkono.

"Kwa hiyo unabaki, wifi?"

"Nimekudhamini," alisema Bi Miza. "Eda ikiisha, nakwenda Tanga."