Gusa Kituo Kwanza

Naapa kwa magoti yangu mawili, lile zima na lile bovu, kwamba haya ni kweli tupu. Miaka thelathini na mmoja nimetundika namba kwenye ubao wa matokeo wa uwanja wa besiboli wa chuo cha Tolliver Bend, hapa hapa Mississippi, na mtu anayekaa juu kule huona kila kitu. Atakayenikamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya ufuta, nitavaa kile kinyago cha kichwa cha kambare, nembo ya timu yetu, kisichooshwa tangu kishonwe, nicheze juu ya paa la banda la wachezaji watu wote wakinitazama. Haya, kaeni vizuri.

Jumapili moja ya mwezi wa nne, duka la mashine za kufulia la Shangazi Verlene lilikuwa limefurika watu. Mashine zote kumi na mbili zinanguruma, watoto wanakimbizana kati ya matenga ya nguo, hewa nzima ni sabuni na joto la mashuka. Nyuma ya kaunta alikuwa Odessa Pickens, mtoto wa kaka yake Verlene, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu. Alivaa gauni la manjano lililomkaa kama limeshonewa juu ya mwili wake, nywele kazifunga kwa kitambaa cha buluu. Mlango ukasukumwa, akaingia kijana mrefu mwenye mabega kama kabati. Mgongoni ana gunia la jezi, mkononi ameshika jozi ya soksi mbali na pua yake, kama mtu aliyeshika panya mkiani.

"Hizo umekuja kuzifua au kuzizika?" Odessa akamuuliza.

"Hizi hazifuliwi, dada. Jezi tu ndizo zinafuliwa."

"Sasa umezileta za nini?"

"Nikiziacha bwenini watazichoma moto. Tumefungwa mechi kumi na nne mfululizo. Jana tukashinda, na hizi ndizo nilizovaa."

"Kwa hiyo ushindi umo ndani ya soksi?"

"Unadhani umo mikononi mwetu? Hujatuona tukicheza wewe!"

Odessa akacheka mpaka taulo alilokuwa akilikunja likamdondoka. Kijana akaliokota, akalikunja vibaya, akamrudishia. Jina lake Corliss Tate, mpigaji wa timu ya Kambare. Mrushaji wa timu pinzani anapovurumisha mpira, kazi yake ni kuugonga kwa gongo uende mbali, kisha akimbie kituo hadi kituo, vyote vinne, arudi nyumbani, pale alipoanzia, na pointi. Msimu huo mpira na gongo lake walikuwa hawasalimiani.

Basi simu zikaanza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na zile soksi?"

"Ziko dirishani. Mwenzangu wa chumbani kahama."

"Ana akili huyo. Mimi sijui kilichonipata mpaka nazungumza na wewe."

"Mabega," Corliss anasema, na Odessa anakata simu akicheka, kisha anakaa akingoja ipigwe tena. Na inapigwa.

Mwezi wa tano mkuu wa chuo akatangaza: zimebaki mechi tatu dhidi ya Nyigu wa chuo cha Carrow, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kambare wakishinda mbili, timu itabaki. Wakishindwa mbili, timu itavunjwa na uwanja utageuzwa maegesho ya magari. Odessa alijua maana yake. Corliss alisomeshwa kwa ajili ya gongo lake. Pasipo timu hapana ada, na Jumatatu angepanda basi kwenda Oregon kupasua mbao na mjomba wake, safari ya siku tatu.

Alhamisi, kabla ya hayo yote, Odessa akampeleka nyumbani kumtambulisha. Shangazi Verlene alikuwa jikoni tangu asubuhi. Akaleta mezani sinia la kambare wa kukaanga, mwenye ganda la unga wa mahindi linaloita, na mkate wa mahindi pembeni. Corliss akalitazama lile sinia, akalisukuma taratibu kwa kidole kimoja.

"Samahani, mama. Sili."

"Huli nini?" Verlene akauliza.

"Kambare. Wiki ya mechi Kambare hali kambare. Ni mkosi."

Verlene akalinyanyua sinia lake, akarudi nalo jikoni. Mlango wa jikoni ukajifunga, na Odessa akaufungua wa mbele.

"Samaki huyu kavuliwa kwa ajili yako, Corliss! Kamsafisha mwenyewe, na mikono ile inamuuma!"

"Mpenzi, ningekula kuku, ningekula hata mkia wa mamba..."

"Nenda kale soksi zako. Na usinipigie simu!"

Ijumaa Odessa alikwenda uwanjani kwa sababu tiketi anayo, si kwa sababu nyingine yoyote, hivyo ndivyo alivyojiambia. Akakaa safu ya tatu na gauni la manjano, uso kaukunja kama nguo iliyosahaulika kwenye mashine. Corliss akamwona. Akaenda kupiga huku kavimba kwa hasira, na mpira wa kwanza akautoa nje ya uzio. Wa pili nao nje. Kambare wakashinda tisa kwa mbili, mimi mwenyewe juu kule nikatafuta namba tisa kwenye sanduku nikaikuta ina utando wa buibui.

Jumamosi asubuhi, Odessa akifungua duka, akakuta wachezaji wanane wamejipanga mlangoni wamevua kofia. Mbele yao Mims, nahodha, mdakaji wa mipira, mtu mnene mwenye sauti ya mchungaji wa kanisa.

"Shemeji," akasema, "tumekuja kukuomba kitu kimoja. Endelea kununa."

"Nini?"

"Jana ulinuna, tukashinda. Usimsemeshe, usipokee simu yake, kaa kiti kile kile, vaa gauni lile lile. Mpaka Jumapili jioni."

"Gauni nimeshalifua!"

Wanaume wanane wakashika vichwa. Mmoja akakaa chini kabisa.

"Basi hilo tutavumilia," Mims akasema kwa uchungu. "Lakini kununa, shemeji, kununa usikuache. Na asijue. Akijua kwamba si hasira ya kweli, nguvu yote itamtoka."

Odessa angewafukuza kwa ufagio. Lakini hasira yenyewe ilikuwa imeshamwisha tangu usiku, na mbele ya macho yake aliliona basi la Oregon. Kama kununa ndiko kutakakombakiza, atanuna. Siku mbili si mwaka.

Jumamosi akajikaza mpaka karibu na mwisho. Mpira ukampita Corliss miguuni, akaufukuza, akajikwaa, akaukalia. Odessa akatabasamu. Kidogo tu, pembe moja ya mdomo. Wakashindwa kwa pointi moja, na kutoka bandani sauti ya Mims ikasikika uwanja mzima: "Ametabasamu! Nimemwona kwa macho yangu!"

Ikabaki Jumapili. Asubuhi hiyo simu ya Odessa ikalia. Akaitazama. Ikalia tena. Akaipokea, akaiweka sikioni, akafunga mdomo.

"Odessa?"

Odessa akavuta taulo kutoka kwenye tenga.

"Nakusikia unapumua, mpenzi. Basi pumua tu, nitasema mimi. Nilimkosea shangazi yako. Nimekwenda mara mbili kumwomba radhi, mara zote mbili kanifungia mlango, ila mara ya pili kaufunga polepole, nadhani tunaelewana. Wewe ndiye sikuelewi. Unakuja uwanjani, unakaa, unanitazama kama deni. Kama leo pia hutanisemesha, nimeelewa. Tushinde tusishinde, kesho nitapanda basi. Siwezi kukaa mji mmoja na wewe hivi."

Odessa aliuma taulo ili sauti isitoke. Alipolitoa mdomoni, simu ilikuwa imekatika.

Tazama sasa alivyobanwa. Akisema, timu inakufa na Corliss anaondoka. Akinyamaza, timu inapona na Corliss anaondoka vilevile.

Mchana uwanja ulijaa hadi kwenye nyasi. Joto, karanga za kuchemsha, watu wanajipepea kwa kofia. Corliss alipiga hewa mara tatu, gongo linapita juu ya mpira kama linafukuza nzi. Hata hivyo wenzake walijitahidi, na ikafika zamu ya mwisho kabisa, nne kwa nne. Kambare wana watu kwenye vituo vyote vitatu. Pointi moja tu inatosha. Nyigu wamebakiza kumtoa mtu mmoja tu, na huyo mtu anayeingia na gongo ni Corliss Tate.

Hakulitazama jukwaa. Bega limemlegea, kofia imemziba macho. Odessa akauona mgongo ule, akauona ukishuka kwenye basi mji asioujua. Akasimama. Akashuka ngazi mbili mbili mpaka kwenye wavu. Mims akamwona kutoka bandani, akaanza kupunga mikono yote miwili: "La, shemeji! La! Mpigo mmoja tu umebaki!"

"Corliss!" Odessa akapaza sauti. "Sijanuna! Ni hawa wapumbavu wameniomba ninune! Nakupenda, na soksi zako nazipenda!"

Na hapo, jamani, Corliss akalizungusha lile gongo, mpira ukalia kama bunduki, ukapanda, ukapita ubao wangu, ukavuka mto wenye upana wa nusu maili, ukatua ndani ya behewa la treni ya mahindi, na hauku—

"Mzee Purvis."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Nilikuwa nikiwasimulia wageni meza ya sita, Jumamosi iliyopita, uwanjani pale pale, chini ya hema jeupe. Nikageuka. Bibi harusi amesimama na gauni lake refu jeupe, mikono kiunoni.

"Treni ya mahindi?"

"Inawezekana ilikuwa ya maharage, binti."

"Mpira ulimpiga wapi mume wangu? Waambie."

Nikawaambia. Corliss aliposikia jina lake aligeuka mzima mzima kumtazama Odessa, na mpira uliokwisha kurushwa ukamkuta kwenye kalio la kushoto. Na sheria ni kwamba aliyegongwa na mpira hupewa kituo cha kwanza bure, na waliotangulia wanasukumana mbele. Aliyekuwa kituo cha tatu akatembea nyumbani. Pointi ya ushindi!

"Malizia," Odessa akasema.

Ila pointi haihesabiwi mpaka aliyegongwa akaguse kituo chake. Na Corliss hakwenda kituoni. Alitupa gongo, akachechemea mkono kalioni, moja kwa moja kwenye wavu kwa Odessa. Kocha anapiga kelele, Mims kapiga magoti, watu elfu mbili wanaonyesha kidole upande wa pili. Corliss hasikii. Amepitisha vidole kwenye matundu ya wavu.

"Umesema nini?" anauliza. "Rudia."

"Nimesema nakupenda. Sasa nenda!"

"Niende wapi? Nimeshafika."

"Gusa kituo kwanza, mjinga wewe, ndipo uje unibusu!"

Akamsukuma kifuani kupitia wavu. Corliss akakimbia kwa mguu mmoja na nusu, akakikanyaga kile kituo kwa miguu yote miwili, na kabla uwanja haujamaliza kulipuka alikuwa amesharudi kwenye wavu. Jumatatu basi la Oregon liliondoka na kiti kimoja kitupu.

"Hiyo ndiyo kweli," Odessa akasema. "Ulihitaji treni ya nini?"

Nyuma yake Corliss alikuwa mezani na Shangazi Verlene, anamaliza sahani ya tatu ya kambare, Verlene anamwongezea ya nne bila kumuuliza. Mims akaja na kile kichwa cha kambare amekinyoosha mbele kwa mikono miwili, pua kaigeuzia pembeni.

Nikakivaa. Ndani yake kuna giza, na kunanuka kama soksi za Corliss na za babu yake. Nilipanda kwenye paa la banda, goti zima kwanza. Kupitia mdomo wa kambare niliwaona wawili wale tu, manjano na kijivu, kwa sababu Corliss alivaa suti ya kijivu, na chini ya lile vazi jeupe Odessa alivaa gauni lake la manjano la bahati, likichungulia pindoni, wanacheka wameshikana. Nikacheza.

Goti bovu nalo likacheza. Hilo naapa.