Doa Katika Jicho la Kulia

Kila alipotoka shule, Chiriku alibadili sare, akanywa glasi nzima ya maji bila kupumua, kisha akaingia studio kwa mlango wa uani. Jina hilo alipewa na shangazi yake, mpiga picha aliyeishi naye, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alifagia sakafu, akapangusa kiti cha wateja, na huku akisimulia mambo yote ya darasani, hata yale yasiyomhusu.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa na pazia jeupe. Nyuma yake palikuwa na chumba kidogo cha giza cha kusafishia picha. Wateja walikuja hapo kwa ajili ya lenzi ambazo Shangazi alizitengeneza kwa mikono yake. Alichukua kioo cha kukuzia maandishi, akakibana kwenye ncha ya kipande cha bomba la plastiki, akapaka ndani rangi nyeusi, halafu akalichomeka bomba hilo ndani ya jingine lililofungwa kwenye kamera yake ya zamani ya filamu. Ukilisogeza bomba mbele au nyuma, sura ilikuja au ilikwenda. Lenzi aliyoipenda kuliko zote aliiita Mpole. Mpole alilainisha nyuso za watu kana kwamba zimepitishwa pamba.

"Lakini laini si ukungu," Shangazi alizoea kusema. "Shavu liwe laini, nywele ziwe laini, ukuta uyeyuke kabisa ukipenda. Macho lazima yashike. Yasiposhika, hiyo si picha, ni moshi."

Kazi ya kuyashika macho ilikuwa ya Chiriku. Shangazi alimkalisha mteja na kupanga mwanga. Chiriku alichungulia kwenye kamera kwa jicho la kulia, akasogeza bomba kidogo kidogo mpaka akaona kope moja moja. Ndipo aliposema, "Yameshika!"

Sharti lilikuwa moja tu. "Usimwelekeze Mpole kwenye jua huku unachungulia. Hata mara moja, hata kwa mzaha. Kioo hicho hukusanya mwanga wote na kuumimina ndani ya jicho lako."

Chiriku aliitikia. Maneno yakaingia sikio hili, yakatokea lile.

Ijumaa moja Shangazi alikwenda kununua dawa za kusafishia picha. Jua la alasiri lilikuwa limekaa juu ya tangi la maji la jirani, limezungukwa na vijiwingu vyembamba. Chiriku akawaza: ikiwa Mpole huipendezesha hivi taa ya kawaida, jua atalifanyaje? Akaitoa kamera uani, akainua, akachungulia.

Weupe ulimpasukia usoni. Machozi yalimtoka, lakini hakushusha kamera. Alitaka kuona duara likichanua kingo zake. Alihesabu mpaka nane. Kisha akairudisha kamera mahali pake, akafuta bomba kwa kitambaa, akatulia. Hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomdanganya.

Jioni, akiosha vyombo, aliona doa juu ya sahani. Akalisugua. Halikutoka. Akatazama ukuta, doa likahamia ukutani. Akafumba jicho la kushoto na kuitazama saa: tarakimu zilikuwepo pembeni, lakini katikati, penye mishale, palikuwa na shimo la kijivu. Akafumba la kulia, mishale ikarudi. Akafumba tena la kushoto, ikapotea.

"Unakonyezana na nani?" Shangazi aliuliza.

"Vumbi tu," alijibu, akarudi kwenye vyombo.

Alidhani kulala kungemponya. Asubuhi alifumbua macho, na kitu cha kwanza alichokiona darini kilikuwa lile doa.

Jumamosi hiyo alikuja mkunga mstaafu pamoja na pacha wake. Pacha huyo aliishi mbali, na walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na mmoja. Walikaa wakiwa wameshikana mikono, wakigombana ni nani aliyezaliwa kwanza.

"Mimi ndiye mkunga, mimi ndiye ninayejua!" alisema mmoja.

"Kwani ulijizalisha?" mwenzake akamjibu, na Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno.

Chiriku hakucheka. Aliinama kwenye kamera. Nyuso za wale mapacha hazikuwepo. Aliona mabega, aliona hereni, lakini alipotafuta macho yao, doa lilikwenda pamoja na jicho lake na kuyafunika. Akajaribu jicho la kushoto.

"Leo umebadili jicho?" Shangazi akauliza.

"Hapana!" Akarudi upesi kwenye la kulia. Akasogeza bomba kwa kubahatisha. "Yameshika."

Shangazi akachungulia, akakunja uso. "Mbona mimi naona ukungu?" Akafikicha macho yake. "Haya, wewe ndiye mwenye macho ya mtoto."

Akapiga picha.

Alasiri picha zilipokauka, Shangazi alizipeleka dirishani. Kwa jicho lake zima Chiriku aliona wazi kwamba zimeharibika: hereni zilikuwa kali kama sindano, na macho ya mapacha wale yalikuwa mabonge manne ya moshi.

"Niambie kweli, mwanangu," Shangazi alisema polepole. "Macho yao yameshika?"

Hapo ndipo angesema. Lakini akisema zimeharibika, ataulizwa kwa nini.

"Yameshika vizuri sana, Shangazi."

Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja, picha zikiwa mapajani. "Basi ni macho yangu," alisema. "Mama yangu, bibi yako, yalimwanza hivihivi. Ukungu, kisha giza."

Jumapili Chiriku alimkuta akibandika karatasi mlangoni: STUDIO IMEFUNGWA. Kisha akamsikia akizungumza kwenye simu na kaka yake, baba yake Chiriku. "Kaka, mpiga picha asiyeona ni nini? Ni mtu mwenye sanduku tu." Sauti yake ilikatika. Chiriku hakuwahi kumsikia shangazi yake akilia. Alisimama kwenye korido. Mpaka wakati huo alikuwa akijiogopea mwenyewe. Sasa aliogopa kwamba kwa neno moja la uongo alikuwa amempofusha mtu mwenye macho mazima.

"Shangazi!" Alijitupa miguuni pake. "Macho yako ni mazima! Picha zimeharibika, niliona. Mimi ndiye nisiyeona. Nilitazama jua kwa Mpole."

Shangazi aliangusha simu. Chiriku alijikunyata akisubiri kofi. Badala yake mikono miwili ilimshika mashavu na kumgeuzia dirishani. "Jicho lipi? Tangu lini? Linauma? Tangu Ijumaa, Chiriku! Tangu Ijumaa!"

Jumatatu asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye kliniki ya macho. Daktari, mama mnene mwenye sauti nzito, alimtia Chiriku matone na kummulika kwa taa yake kwa muda mrefu, mpaka Chiriku akaisikia saa ya mkononi ya daktari ikigonga.

"Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humfichua," alisema. "Hapa humfichua taa hii. Jua limeunguza sehemu ndogo nyuma ya jicho."

"Nitakuwa kipofu?"

"Hapana. Jicho la kushoto ni zima. La kulia litajitahidi lenyewe kwa wiki nyingi, pengine miezi. Mara nyingi hupona sana, lakini huenda likabaki na alama. Sina dawa ya kuharakisha." Akamgeukia Shangazi. "Na wewe njoo nikupime, maana unanitazama kama mtu anayesubiri hukumu."

Macho ya Shangazi yalikuwa mazima kabisa. Alitoka pale akipepesuka kwa furaha na hasira.

Pacha wa mkunga alitakiwa kusafiri jioni ileile, kwa hiyo wote wawili waliitwa mara moja. Safari hii Shangazi alisogeza bomba mwenyewe, na Chiriku akawaeleza wageni, kwa mdomo wake, kwa nini wamesumbuliwa mara mbili. Walimsikiliza hadi mwisho. Kisha pacha wa mkunga akamwambia asimame karibu nao mpaka wamalize kupigwa picha. Saa kumi, picha ikiwa bado na ubichi, macho manne ya kizee yaliwatazama kutoka kwenye karatasi, yamekaza, yana uchokozi.

Wageni walipoondoka, Shangazi alimwita Chiriku karibu naye.

"Kuchungulia jua ulikosea, na jicho lako linakufundisha hilo kila ukilifumbua," alisema. "Mimi sitaongeza neno. Ila kuna hili. Tangu juzi mpaka jana niliishi nikijua napofuka. Neno moja lako lingenitoa humo, nawe ulilificha kwa kuwa uliogopa. Kuogopa si dhambi, mwanangu, hata mimi naogopa. Lakini hofu ukiifungia ndani peke yako, inaanza kuwala na wengine. Siku nyingine ukiogopa, njoo hivyohivyo ukitetemeka. Niite, tuogope wawili."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema, "Shangazi, bado naogopa."

"Najua," alisema Shangazi, akamsogezea kiti. "Kaa hapa."