Dobi Aliyefundishwa Kusita

Dobi mmoja, watu wakimwita Chapchap kwa kuwa hakuwa na breki, alikuwa akipiga pasi shati la mteja, mkewe akamwita kutoka uani: "Mume wangu, njoo upesi!" Akaiacha pasi palepale, akakimbia. Uani hakukuta mtu. Aliporudi, mkewe ndiyo kwanza anaingia kwa mlango wa mbele, kitita cha mashuka kichwani.

"Uliniita?"

"Nimekuita saa ngapi? Mimi natoka kwa mteja."

Wakatazamana. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, na shati la watu lilikuwa limetoboka kifuani.

Tangu hapo sauti ile haikumpa nafasi ya kupumua. Ilimwita mchana kweupe, kwa sauti ya mkewe tupu, hata na kikohozi chake, na kila alipokurupuka aliumia: leo kaungua mkono, kesho kateleza kwenye sabuni akang'oka jino. Mke akaona huyu atazikwa. Akamleta mganga.

"Jini hili linakula haraka yako," mganga alinong'ona. "Likiita, simama. Weka pasi, vuta pumzi, itazame hali kabla hujainua mguu. Likikosa wa kumkimbiza litachoka. Subira huvuta heri."

"Na nikimwita mimi?" mke aliuliza kwa woga.

"Usimwite. Ukimtaka, mfuate alipo."

Wakaafikiana hivyo, na dawa ikafanya kazi. Sauti ikiita, Chapchap anasimama, ikibembeleza, anasimama, mwisho inanyamaza. Mkewe akawa anamtania kwamba sasa ameolewa upya, tena na mtu mtulivu. Alifurahi sana mwanamke yule, masikini.

Siku moja, mke akiwa uani anachemsha mashuka kwenye pipa, sauti ikaja. "Mume wangu! Pipa limeniangukia!" Moyo ukamruka, mguu ukataka kwenda, lakini akajizuia, akaweka pasi, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akajiambia mkewe angemfuata mwenyewe, na sauti ikalia kwamba inaungua, ikamwapia kwa mama yake mzazi kwamba ni yeye, ni yeye kweli, ikawa yowe, yowe likawa mkoromo, naye amesimama tu, jasho linamtiririka, anajisifu kimoyomoyo kwamba leo jini limekuja na hila zake zote na bado kalishinda, mpaka kukawa kimya.

Akatabasamu. Akaichukua pasi.

Ndipo maji yakapenya chini ya mlango wa uani, yana povu, yanafuka mvuke, yakamchoma vidole vya miguu.

Walimzika mkewe kesho yake. Mganga hakuonekana mazishini. Waombolezaji walipokwisha kuondoka, Chapchap akabaki peke yake kwenye meza ya pasi, hana hata machozi. Kutoka uani mkewe akamwita, sauti nzima, yenye kicheko ndani yake.

"Mume wangu, bado umesimama tu?"

Alijua fika si yeye.

"Naja, mke wangu," alijibu, akakimbia.