Mkanda wa Kiti cha Abiria

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa magari, mtu asiyebabaishwa na mlio wa gari lolote. Alikuwa akimpelekea mnunuzi gari la marehemu mkewe, akaamua kupita barabara ndefu ya mlimani, ile inayokatiza msitu.

Mkewe alimwomba mara nyingi, "Siku moja tupite kule polepole, tutazame miti tu." Naye alimjibu, "Subiri kazi ipungue, mama." Kazi haikupungua, na mkewe akafa na mimba yake kubwa.

Kwenye kona za juu ukungu ulishuka, mchana ukawa giza. Hapo kengele ya mkanda ikaanza kulia, ti, ti, ti, kama abiria ameketi bila kujifunga. Kiti kilikuwa kitupu. Enzi za uhai wake, mkewe hakujifunga mwenyewe hata mara moja. Alisubiri afungwe na mumewe.

Fundi akasimamisha gari, akauvuta mkanda.

"Haya mama, twende," akasema, akaubana.

Kengele ikanyamaza. Lakini mkanda haukulala kitini. Ulibaki umetuna hewani, umezunguka tumbo lisiloonekana, ukipanda na kushuka taratibu.