Mke Mwenza wa Kauri

Sogeeni, wajukuu zangu, mkeka unatosha. Anayetafuna ameze, anayekohoa akohoe sasa. Hii haisimuliwi kwenye kelele.

Jirani yangu tulimwita Bi Pua, kwa wivu wake. Mumewe akirudi kazini atanuswa kwanza, salamu baadaye. Mume alikuwa mzamiaji, akisugua matumbo ya meli chini ya maji. Siku moja akaja na saa nyeusi ya kauri, aliyoikuta imenasa kwenye rafadha, panga linalosukuma meli.

"Tazama, mke wangu. Chuma kingeliwa na kutu. Hii hata mkwaruzo haina, kama imetoka tanuruni jana."

Bi Pua akaigusa. Ilikuwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Usoni ilikuwa na pete ya kuzungusha, ya kupimia muda wa hewa. "Inakwenda kushoto tu," mume akaeleza. "Ikigongwa inanipunguzia muda. Kuniongezea haiwezi." Na desturi yao wazamiaji, pete huwekwa na mwenzako kabla hujazama. Mwenzake alikuwa mwanamke.

"Akushike mkono kila siku? Kwani hana mume wake?" Bi Pua akaizungusha mwenyewe, palepale sebuleni. "Nimekuwekea mimi. Mimi ndiye mkeo!"

Maskini, maneno yale yakasikiwa.

Mchana mume alilala, mkono wenye saa kifuani. Pakanuka udongo ulioungua. Tik. Bi Pua akasogea amkumbatie. Tik, tik. Pete ilikuwa ikizunguka yenyewe, kulia, upande isiokwenda, ikiongeza dakika ambazo hewa ya mtungi haina, na kadiri alivyomng'ang'ania mumewe ndivyo ilivyozidi kwenda, na joto la kauri likapanda mpaka likamchoma shavu, na sauti laini ya mwanamke, iliyotoka ndani ya kioo au ndani ya sikio lake mwenyewe, hakujua, ikamnong'oneza: "Bi mkubwa, umeshamlaza sana huku juu. Kesho zamu yangu, nitamlaza chini."

"Baba watoto," akanong'ona. "Amka. Ivue."

"Wivu hata kwa saa?"

"Hata kwa saa! Ivue, kabla sijaivua pamoja na mkono!"

Akaivua, akicheka. Bi Pua akaibwaga kwenye sakafu ya jikoni, akaishukia na mchi. Kauri haikwaruziki, lakini huvunjika kama sahani. Hata mimi, ukuta wa pili, nilisikia mwanamke akilia, na hakuwa Bi Pua.

Kesho yake mume alizama bila saa, mwenzake akimwashiria muda kwa kuvuta kamba. Akaibuka mzima. Akaishi mpaka uzee, akafia kitandani kwake.

Binti yao alirithi nyumba. Yule mwenzake wa kazini alirithi miwani na mapezi ya kuogelea. Bi Pua alirithi kitanda, akaapa hatalala na mtu mwingine kitandani humo. Lakini kila asubuhi, upande wa marehemu, shuka limelowa maji ya chumvi kwa umbo la mwanamke aliyelala ubavu, amempa Bi Pua mgongo.